Yoshimitsu, Mwenye Nyumba ya Dhahabu

Katika mji wa Kyoto, uliokuwa makao ya Maliki wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja, iko nyumba moja ya mbao ambayo haipambazukiwi ila imezungukwa na umati wa watu. Mgeni hushuka basi upande wa kaskazini-magharibi ya mji, akafuata mkondo wa watu hata mlangoni, akalipa kiingilio, naye akapewa karatasi ndefu nyeupe iliyoandikwa dua kwa hati nyeusi na kupigwa mihuri myekundu, mfano wa hirizi. Hiyo ndiyo tikiti yake. Kisha huingia katika njia ya kwenda mbele tu, kwa kuwa nyuma yake wapo mamia wengine wanaomsukuma kwa adabu. Akipinda kona ya kwanza, mara hukutana na ziwa dogo lililotulia kama kioo, na ng'ambo ya ziwa husimama nyumba ya orofa tatu, mbili za juu zimevishwa dhahabu, na juu ya paa ndege wa dhahabu ametandaza mbawa.

Hapo ndipo kila mtu husimama. Mabega hugusana, watoto hupandishwa mabegani, na kamera huinuliwa juu ya vichwa vya watu. Kila mmoja ataka picha yake na nyumba ile, bila ya kichwa cha mwingine ndani yake, na hilo ni jambo gumu kupatikana. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kuingia ndani. Baada ya picha umati huzunguka nyuma ya nyumba, hupanda kilima kidogo, hupita penye maporomoko membamba ya maji, hutupa sarafu mbele ya sanamu za mawe kwa kutafuta bahati, hununua kumbukumbu, ukatoka. Wengi hawatimizi hata saa moja. Dhahabu wameiona, lakini ukiwauliza mwenye dhahabu alikuwa nani, wengi wao hawana jibu.

Mwenye nyumba hiyo aliitwa Ashikaga Yoshimitsu. Ashikaga ni jina la ukoo, na Yoshimitsu ndilo jina lake mwenyewe, kwani Wajapani hutanguliza ukoo. Katika zama zake hapakuwa na mtu Japani nzima aliyethubutu kusema hapana mbele yake. Maisha yake yastahili kusimuliwa, kwa sababu nyumba ile watu wanayoipiga picha haikujengwa iwe hekalu. Ilijengwa iwe ushahidi wa ukubwa wa mtu mmoja, na ushahidi huo umegeuka ukawa kitu kingine kabisa.

MTOTO WA VITA

Yoshimitsu alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 1358, miezi mitatu na siku kadhaa baada ya kufa babu yake, Takauji. Huyo Takauji ndiye aliyeupatia ukoo wa Ashikaga cheo cha shoguni, yaani jemadari mkuu, ambaye kwa jina ni mtumishi wa Maliki lakini kwa hakika ndiye mwenye upanga na amri. Alikipata mwaka 1338, baada ya kumgeuka Maliki Go-Daigo ambaye hapo kwanza alimpigania. Go-Daigo hakukubali kushindwa. Alikimbilia milima ya Yoshino, kusini ya Kyoto, akaweka baraza lake huko, na Takauji akamkalisha Maliki mwingine mjini. Tangu mwaka 1336, basi, nchi moja ikawa na Maliki wawili, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye wa haki.

Katika fitina hiyo ndimo mtoto Yoshimitsu alimokulia. Mwaka 1361 jeshi la kusini liliingia Kyoto, na baba yake, shoguni Yoshiakira, akakimbia. Mtoto, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka minne, alifichwa na watawa, kisha akapelekwa mbali katika jimbo la Harima kwa bwana mmoja aliyekuwa mwaminifu kwa ukoo wake. Mji ulipokombolewa akarudishwa nyumbani, na hapo pana kisa ambacho Wajapani hupenda kukisimulia. Yasemekana kwamba njiani, walipopumzika mahali pazuri karibu na bahari, mtoto alipendezwa sana na mandhari, akawaamuru watumishi wake wayabebe mandhari yale mpaka Kyoto. Watu wazima walicheka, lakini walistaajabu pia, kwani mtoto huyo alikwisha kuzoea kwamba apendacho lazima kifike kwake.

Baba yake alifariki mwishoni mwa mwaka 1367. Yoshimitsu alikuwa na miaka tisa tu. Kabla ya kufa, baba alimwita bwana mmoja mwenye busara na mkono mzito, Hosokawa Yoriyuki, akamkabidhi mtoto na nchi pamoja. Mwaka uliofuata, kwa kalenda ya Kijapani, mtoto akatawazwa kuwa shoguni wa tatu wa ukoo wa Ashikaga. Kwa zaidi ya miaka kumi amri zilitoka kwa jina la Yoshimitsu na kwa akili ya Yoriyuki.

KASRI LA MAUA

Alipofika miaka ishirini, Yoshimitsu alianza kutaka nyumba ya kulingana na cheo chake. Mwaka 1378 alianza kujenga kasri katika mtaa wa Muromachi, jirani na kasri la Maliki. Bustani yake ilipandwa miti ya maua kutoka kwa watukufu wa mji, hata watu wakaliita Kasri la Maua. Jina la mtaa huo likawa jina la zama nzima: mpaka leo wanahistoria huuita utawala wa Ashikaga utawala wa Muromachi.

Mwaka 1379 mabwana wa majimbo waliomchukia Yoriyuki walilizunguka kasri kwa askari, wakadai afukuzwe. Kijana hakupigana nao. Alimwachisha kazi mlezi wake, na Yoriyuki akanyoa kichwa akavuka bahari kurudi kwake Shikoku. Lakini Yoshimitsu alijifunza somo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Aliona kwamba mabwana hao wanaweza kumzunguka wakiwa pamoja, na kwamba hawawezi kukaa pamoja kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa ni kuwatazama wakigombana, akampa huyu mkono leo na yule kesho, mpaka wote wakadhoofika.

Ni ajabu kidogo kwa mtu ambaye nyumba yake leo imejaa watalii, kwamba yeye mwenyewe alikuwa msafiri mkubwa wa kuzuru mahekalu na mahali pa sifa. Mwaka 1388 alikwenda kuutazama mlima Fuji. Mwaka 1389 alisafiri kwa merikebu hadi hekalu la Itsukushima, lile ambalo lango lake jekundu husimama ndani ya maji ya bahari. Kwa macho ilikuwa ziara ya ibada na ya kupunga upepo. Kwa siasa ilikuwa njia ya kuwaonyesha mabwana wa kila pwani aliyopitia ukubwa wa msafara wake na wingi wa watu wake. Katika safari hiyo ya pili alikutana tena na mlezi wake wa zamani, Yoriyuki, wakapatana, na baadaye mzee huyo akarudi Kyoto kumsaidia.

Jambo jingine alilolifanya ujanani halikuwa la siasa hata kidogo, na wakubwa wa mji walilinung'unikia. Kiasi cha mwaka 1374, alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, alikwenda kutazama mchezo wa ngoma na maigizo uliochezwa na kikundi cha mtu aliyeitwa Kan'ami. Pamoja na Kan'ami alikuwapo mwanawe, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Zeami. Wachezaji wa namna hiyo walihesabiwa kuwa watu wa tabaka la chini, karibu sawa na waombaji. Yoshimitsu aliwachukua baba na mwana chini ya ulinzi wake, akampenda yule mvulana, akamketisha karibu naye hadharani mbele ya watu wa heshima. Makabaila waliona ni aibu. Walikunja nyuso, lakini waliendelea kumpa mvulana zawadi, kwa kuwa aliyemfurahisha mtoto alimfurahisha shoguni.

AHADI YA MWAKA 1392

Somo la mwaka 1379 lilizaa matunda yake muongo uliofuata. Mwaka 1390 aliuvunja nguvu ukoo wa Toki. Kisha ikaja zamu ya Yamana, ukoo uliotawala majimbo 11 katika majimbo 66 ya nchi, hata watu wakawaita mabwana wa sehemu moja ya sita. Yoshimitsu aliwachochea wenyewe kwa wenyewe, mpaka baadhi yao walipoasi wakauvamia mji mwishoni mwa mwaka wa 1391 kwa kalenda yao. Vita vilikwisha kwa siku moja. Ukoo wa Yamana ulibakiziwa majimbo matatu.

Sasa alibakiwa na jambo lililowashinda babu yake na baba yake, nalo ni kuwapo kwa Maliki wawili. Wale wa kusini walikuwa wamechoka na kupungukiwa, lakini mikononi mwao walikuwa na vitu vitatu ambavyo bila ya hivyo Maliki si Maliki: kioo, upanga na kito, amana za kale za kiti cha Japani. Yoshimitsu alimtumia bwana mmoja hodari wa maneno na wa vita, Ouchi Yoshihiro, kupeleka masharti. Masharti yalikuwa mazuri kuyasikia. Maliki wa kusini, Go-Kameyama, ashuke kutoka Yoshino na kumkabidhi amana hizo Maliki wa kaskazini, Go-Komatsu. Na tangu hapo kiti kiende kwa zamu, mara ukoo huu, mara ukoo ule.

Mwaka 1392 Go-Kameyama alishuka milimani, akazitoa amana. Fitina ya miaka karibu sitini ikaisha bila ya tone la damu siku ile, na hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya Yoshimitsu. Lakini ahadi ya zamu haikutimizwa. Go-Kameyama alingoja na kungoja, mpaka mwaka 1410 akauhama mji kwa hasira akarudi Yoshino, na mwaka 1412 kiti kikapewa mwana wa Go-Komatsu. Amani ile ilinunuliwa kwa neno ambalo mnunuzi hakulilipa, na wafuasi wa kusini waliendelea kuasi kwa miaka mingi.

DHAHABU YA KITAYAMA

Mwishoni mwa mwaka 1394, akiwa na miaka thelathini na sita, Yoshimitsu aliwashangaza watu kwa kuacha ushoguni. Alimkabidhi cheo mwanawe Yoshimochi, mtoto wa miaka minane, naye akachukua cheo cha juu kabisa katika baraza la Maliki, cha waziri mkuu wa dola, ambacho watu wa ukoo wa vita hawakukipata tangu Taira no Kiyomori katika karne ya 12. Haikupita miezi mingi akakiacha hicho nacho, akanyoa kichwa, akavaa kanzu ya mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Zen. Mtu asiyemjua angedhani ameipa dunia kisogo. Waliomjua walielewa kwamba amejitoa katika vyeo vyote ili asiwe chini ya cheo chochote. Mtoto alikuwa shoguni, Maliki alikuwa Maliki, na amri ilitoka kwa mtawa.

Mtawa huyo alihitaji nyumba. Mwaka 1397 alipata shamba la mapumziko la ukoo wa kikabaila wa Saionji, mahali paitwapo Kitayama, maana yake mlima wa kaskazini, akaanza kujenga. Palikuwa na kumbi za baraza, nyumba za wake na watoto, mahali pa ibada, na bustani yenye ziwa na visiwa. Mabwana wa majimbo waliamrishwa walete watu wa kazi. Ouchi Yoshihiro, yule yule aliyeleta amani ya mwaka 1392, hufahamika kuwa alikataa. Mwaka 1399 uadui wao ulifika kwenye upanga: Ouchi aliuawa katika bandari ya Sakai, na mji huo ukaungua. Aliyekuwa mkono wa kulia wa Yoshimitsu akawa wa mwisho katika orodha ya waliovunjwa naye.

Penye ukingo wa ziwa Yoshimitsu alisimamisha nyumba yenye kuonekana kuliko zote. Orofa ya chini ilijengwa kwa mtindo wa majumba ya makabaila wa Maliki, kwa mbao wazi na kuta nyeupe. Orofa ya pili ni ya mtindo wa nyumba za watu wa vita. Ya tatu ni ya mtindo wa mahekalu ya Zen, wenye asili ya Uchina. Wako wanaosema kwamba nyumba ile ni hotuba isiyo na maneno: kwamba makabaila wako chini, watu wa vita wako juu yao, na juu ya wote yuko yule mtawa wa Kitayama. Na ikiwa mtu hakuelewa mbao, bila shaka alielewa dhahabu, kwa kuwa dhahabu ilipakwa kwenye orofa za juu tu.

MFALME KWA BARUA YA UCHINA

Dhahabu hutaka kulishwa, na chakula chake kilikuwa ng'ambo ya bahari. Uchina wakati huo ilikuwa chini ya ukoo wa Ming, nao hawakufanya biashara na nchi isiyokiri ukubwa wao. Mwaka 1401 Yoshimitsu alimtuma mtawa mmoja na mfanyabiashara mmoja wa Hakata, pamoja na zawadi na barua ya unyenyekevu. Mwaka 1402 wajumbe wa Kichina wakaleta jibu, wakapokewa Kitayama kwa ubani na heshima kubwa. Katika jibu lile Yoshimitsu aliitwa mfalme wa Japani.

Makabaila wa Kyoto walitetemeka. Japani ilikuwa na Maliki wake, na huyu mtawa ambaye kwa jina hana cheo amekubali kuitwa mfalme na mtu wa nje, na kwa hivyo kuifanya nchi yao mfuasi wa nchi nyingine. Yoshimitsu hakujali. Mwaka 1404 Maliki mpya wa Uchina, Yongle, alimletea muhuri wa dhahabu pamoja na hati maalumu za kugawanywa vipande viwili, ambazo kila merikebu ya biashara ilichukua nusu yake ili ilinganishwe na nusu iliyokuwa Uchina. Asiye na hati alihesabiwa kuwa haramia. Yoshimitsu naye aliwasaka maharamia waliokuwa wakiteka pwani za Uchina, akawapeleka huko wakaadhibiwe. Merikebu zake zilipakia panga, madini ya kiberiti, shaba na vipepeo. Zilirudi na hariri, vyombo vya kaure, vitabu, picha za kuchora, na zaidi ya yote sarafu za shaba za Kichina, ambazo ndizo zilizotumika katika masoko ya Japani.

Hapa historia ya Kyoto yaigusa historia ya pwani yetu. Yongle huyu huyu aliyempa Yoshimitsu muhuri ndiye aliyemtuma baharini amiri wake Zheng He, aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu wa jimbo la Yunnan. Safari za Zheng He zilianza mwaka 1405, na katika zile zilizofuata merikebu za Kichina zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Yongle kuwa zawadi. Malindi na Kitayama hazikujuana, lakini kwa miaka ile michache zote mbili zilikuwa zikipeleka tunu zao katika mlango mmoja.

SIKU ISHIRINI

Mwaka 1406 Maliki Go-Komatsu alifiwa na mama yake. Yoshimitsu alifanya mpango, na mkewe, Bibi Yasuko wa ukoo wa Hino, akatangazwa kuwa ndiye mama wa Maliki kwa heshima. Kila mtu aliweza kupiga hesabu: ikiwa mke ni mama wa Maliki, basi mume ni nani?

Mwaka 1408, katika majira ya maua, Maliki mwenyewe alikuja Kitayama, akakaa siku ishirini. Palikuwa na mashairi, muziki, michezo ya maigizo na karamu kila siku. Yoshimitsu alimleta mbele mwanawe aliyempenda, Yoshitsugu, mvulana wa miaka kumi na minne hivi. Mwezi uliofuata, katika kasri la Maliki, kijana huyo alivishwa mavazi ya utu uzima kwa ada ile ile wanayofanyiwa wana wa Maliki. Wanahistoria wamebishana sana juu ya jambo hili. Wengine husema Yoshimitsu alikuwa hatua moja tu kukitia kiti cha Maliki katika ukoo wake. Wengine husema alitaka heshima na wala hakutaka kiti. Ukweli ulikuwa moyoni mwake, na moyo huo ulibakiwa na siku chache.

Siku chache baada ya sherehe Yoshimitsu alishikwa na maradhi ya ghafula. Waganga walikuja na watawa wakaomba. Tarehe 31 Mei, 1408, alifariki, naye hakuwa ametimiza miaka hamsini.

Baraza la Maliki, ama kwa hofu ama kwa mazoea, lilitaka kumpa maiti cheo cha Maliki aliyestaafu, cheo ambacho akiwa hai hakukipata. Aliyekikataa hakuwa adui. Alikuwa mwanawe mwenyewe, shoguni Yoshimochi, kwa shauri la wazee wa serikali. Yoshimochi alikuwa ameishi miaka yote chini ya kivuli cha baba, akiona upendo wote ukienda kwa mdogo wake. Sasa alianza kuifumua kazi ya baba uzi kwa uzi. Alihama Kitayama. Mwaka 1411 aliwarudisha wajumbe wa Uchina, na ule ufalme wa barua ukaisha. Mwaka 1418 Yoshitsugu, yule mvulana wa karamu za maua, aliuawa kwa amri ya kaka yake. Na Bibi Yasuko alipofariki mwaka 1419, kumbi za Kitayama zilibomolewa, nyingine zikahamishwa. Nyumba ya dhahabu iliachwa, kwa kuwa mahali pale palifanywa hekalu la Zen, kama inavyosemwa kuwa ndivyo alivyousia marehemu. Hekalu likapewa jina lake la kidini alilopewa baada ya kufa, likaitwa Rokuon-ji. Ndilo jina lake la sawasawa hata leo, ingawa watu wote huliita Kinkaku-ji, hekalu la banda la dhahabu.

KILICHOBAKI

Tutazame basi, baada ya karne sita, katika vitu alivyovikusanya mtu huyu, kipi kiko na kipi hakiko.

Kasri la Maua liliteketea mwaka 1476 katika vita vya Onin, vita vya mabwana wale wale ambao Yoshimitsu aliwatawala kwa kuwagonganisha. Leo pamebaki jiwe la ukumbusho kando ya barabara, na wengi hulipita bila ya kuligeukia. Mnara aliousimamisha mwaka 1399 katika hekalu la Shokoku-ji, wenye orofa saba na urefu wa kiasi cha mita 109, ulipigwa na radi mwaka 1403, akiwa bado yu hai kuuona ukiungua. Ushoguni wa Ashikaga ulikwisha mwaka 1573. Muhuri wa mfalme haukumfaa mwanawe hata miaka mitatu.

Na dhahabu yenyewe? Umati unaopiga picha hauitazami dhahabu ya Yoshimitsu. Nyumba ile iliponea vita vya Onin, ikaponea hata Vita vya Pili vya Dunia, kisha ikaangamia kwa mkono wa mtu wa ndani. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Julai, 1950, mtawa kijana mwanafunzi wa hekalu lile aliitia moto. Iliteketea yote, pamoja na sanamu ya mbao ya Yoshimitsu iliyokuwamo. Kijana alijaribu kujiua kilimani nyuma ya hekalu, akaokolewa, akahukumiwa kifungo, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1956. Mama yake alikuwa amekwisha kujirusha kutoka garimoshi, asiweze kuibeba aibu ile. Nyumba ilijengwa upya mwaka 1955 kwa kufuata ramani na picha za zamani, na mwaka 1987 ikavishwa dhahabu nzito zaidi, kiasi cha kilo 20. Mwaka 1994 mahali pale palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa hiyo alivyovinyakua vimekwenda vyote: cheo, muhuri, minara, na hata ile dhahabu. Lakini viko viwili ambavyo havikwenda. Cha kwanza ni mahali penyewe, ziwa na visiwa vyake na mawe yaliyopangwa, ambapo palibaki kwa sababu palitolewa kwa ibada, wala si kwa warithi. Mtoto aliyetaka kubebewa mandhari mpaka Kyoto alifaulu, ila hakuyaacha yakawa ya watoto wake. Yamekuwa ya kila apitaye, awe tajiri au mwanafunzi mwenye nauli ya kurudi tu.

Cha pili ni yule mvulana wa ngoma. Zeami aliukuza mchezo wa baba yake ukawa sanaa ya Noh, akaandika michezo na vitabu vya kufundishia kazi hiyo. Baada ya kufa Yoshimitsu mambo yake yalikwenda mrama, na mwaka 1434 alihamishiwa kisiwa cha Sado kwa amri ya mwana mwingine wa Yoshimitsu, Yoshinori. Lakini michezo yake yachezwa Japani mpaka hivi leo, karne sita bila ya kukatika. Katika hesabu ya Yoshimitsu mwenyewe, pengine hilo lilikuwa jambo dogo kuliko yote, starehe ya kijana wa miaka kumi na sita iliyowakasirisha wakubwa.

Mgeni akifika penye ziwa lile, akaminywa na mabega ya watu, akiinua kamera yake kama wengine, na akumbuke kwamba alama hii ya kiburi imesalimika kwa kuwa mwenyewe aliiacha iende. Waswahili wamesema dunia ni mapito. Njia ya Kinkaku-ji nayo ni ya kwenda mbele tu, na nyuma yako wapo wengine wanaongoja kusimama pale uliposimama wewe.